Vibonge vitatu kwa siku na bado njaa: kisa cha tumbawe-jua

Ujumbe wa kwanza wa dada mmoja anayefuga matumbawe kwenye tangi ulikuwa mfupi. "Kaka, tumbawe langu limegoma kufunguka, wiki ya tatu hii. Nalilisha mpaka maji yamekuwa supu." Chini yake palikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilipigwa siku chache baada ya tumbawe kufika: bonge la rangi ya chungwa, ukubwa wa ngumi mbili zilizokutana, polipi zake za manjano, vile vijinyama vyenye mdomo na minyiri, kila kimoja katika kikombe chake, zimechanua zote. Ya pili ilipigwa asubuhi ile. Bonge lilelile, lakini vikombe vyote vimefungwa, nyama iliyo kati ya kikombe na kikombe imekonda hadi weupe wa kiunzi unachungulia, na upande mmoja umeota ukoga wa kijani.

Nilimwomba jambo moja kabla hajagusa chochote: usiku ule asiweke chakula kabisa. Alishangaa, na ana haki. Mtu analalamika kwamba mnyama wake anakonda, halafu anaambiwa asimpe chakula.

Tangi lake lina lita 200 za maji, ukijumlisha na tangi la chini lenye skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), soksi ya chujio na pampu ya kurudishia maji. Dada huyu si mgeni wa mambo haya. Amefuga samaki wa maji ya chumvi na matumbawe laini ya kawaida kwa miaka, na yalikuwa yakinawiri kwa taa nzuri na chakula kidogo. Ndipo akapewa viumbe watatu kwa mpigo: tumbawe-jua moja la jenasi ya Tubastraea lenye vichwa 34, yaani polipi 34, tawi la gorgonia (tumbawe la matawi membamba) ya rangi ya chungwa, Swiftia exserta, na kichaka kimoja cha Dendronephthya, kile chenye matawi mororo ya waridi kinachoonekana kama ua la mapambo. Aliyempa alimwambia hayahitaji taa, kwa hiyo ni rahisi.

Hilo la taa ni kweli. Matumbawe mengi tunayofuga hubeba ndani ya nyama yake vimwani vidogo mno, zuksanthela, ambavyo hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa ya nishati anayoihitaji. Tumbawe la namna hiyo ukilisahau wiki mbili, taa inalitunza. Tumbawe-jua halina vimwani hivyo. Jina lake lenyewe ni kichekesho: linaitwa la jua kwa sura ya polipi zake, ilhali baharini utalikuta chini ya vizingiti vya miamba, kwenye dari za mapango na kwenye nguzo za gati zenye kivuli. Chochote linachokula kinapita mdomoni. Na midomo ni 34. Polipi zimeunganishwa kwa nyama, ndiyo, lakini usitegemee kwamba zilizoshiba upande wa mbele zitalisha zilizolala nyuma.

Kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa anaweka chakula kiasi gani. Nilimuuliza anakiweka saa ngapi, na kinaishia wapi.

Alinieleza bila kuficha. Mwanzoni alikuwa akiyeyusha kibonge kimoja cha uduvi wa mysis wa kugandishwa kila jioni na kukimwaga chote mbele ya pampu, taa zikiwa bado zinawaka, ili apate kuona samaki wakila. Polipi zilikuwa zikifunguka usiku, akawa anaamka asubuhi na kukuta zinajifunga, akaridhika. Mwezi wa pili baadhi ya vichwa vikaacha kufunguka. Akaongeza kikawa kibonge cha pili. Hali ikazidi, akaongeza cha tatu, pamoja na kifuniko kimoja kilichojaa chakula cha maji cha chupa kwa ajili ya ile Dendronephthya. Kisha akafikiri labda tumbawe-jua linahitaji mwanga kidogo, akalihamisha kutoka chini ya mwamba akaliweka juu, karibu na taa. Ule ukoga wa kijani ulianza hapo.

Kilichompoteza zaidi, naamini, ni ile gorgonia. Swiftia ilikuwa inachanua vizuri kila jioni, polipi zake nyekundu tupu, na ilikuwa imeongeza ncha. Akaona: kama huyu anashiba, chakula kinafika. Kumbe polipi za Swiftia ni ndogo na hunasa vipande vidogo, na zilikuwa wazi jioni ileile vibonge vinapomwagwa. Makombo ya uduvi yaliyokuwa yakielea yalikuwa saizi yake na yalipita kwa saa yake. Jirani wa tumbawe-jua alikuwa anakula vizuri, na kunawiri kwake kukaficha njaa ya mwenzake.

Maji tuliyapima. Chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25, alkalini 7.8 dKH, kalsiamu 410, magnesiamu zaidi ya 1300. Yote sawa, hakuna cha kutafuta hapo. Naitreti, mabaki ya mwisho ya chakula kilichooza, ilikuwa karibu miligramu 60 kwa lita, na mwezi wa kwanza ilikuwa 5. Fosfeti ilikuwa 0.5. Alipoona namba hizo alisema hapohapo kwamba basi ndiyo sababu, maji machafu yamelifunga tumbawe.

Sikukubali, na sababu ni hii. Tumbawe-jua si kiumbe laini wa maji safi kama matumbawe ya matawi yanayopenda mwanga. Huvumilia maji yenye virutubisho vingi kuliko mengi ya wenzake. Naitreti ya 60 haifurahishi mtu, na inalisha ule ukoga unaopanda juu ya kiunzi kilichobaki wazi. Lakini mtiririko wa matukio haukuwa "maji yakachafuka, tumbawe likafunga." Kwa maelezo yake mwenyewe, vichwa vya kwanza vilifunga wakati bado anatumia kibonge kimoja na naitreti iko chini. Tumbawe lilifunga kwanza, akaongeza chakula, ndipo maji yakachafuka. Naitreti ilikuwa risiti ya kile alichonunua kwa hofu.

Na risiti hiyo inasomeka. Kibonge chake kina gramu 4 hivi. Uduvi wa kugandishwa ni maji kwa sehemu kubwa mno. Tukiyatoa tunabaki na kama nusu gramu ya chakula kikavu. Theluthi mbili yake tuseme ni protini, yaani gramu 0.33. Protini ina naitrojeni kiasi cha asilimia 16, hivyo gramu 0.053 za naitrojeni. Ikioza yote na kufikia mwisho wa safari yake, kila gramu ya naitrojeni inakuwa gramu 4.43 za naitreti. Tunapata miligramu 235 hivi, na ukizigawa kwa lita 200 kibonge kimoja kinaongeza takriban miligramu 1.2 kwa lita. Vibonge vitatu ni 3.5 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya 100, kama hakuna kinachotolewa. Yeye alikuwa na 60, maana yake skima, ukoga na maji aliyobadilisha vilikuwa vinajitahidi kweli. Samaki nao walikula sehemu, wakanenepa, na sehemu hiyo nayo ikatoka kama amonia. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inaonyesha kitu kimoja: karibu chakula chote alichokiweka kiliishia majini. Kama kingekuwa kimeingia kwenye tumbawe kwa wingi, tungekiona kwenye nyama yake.

Usiku ule wa kutolisha nilimwomba akae na tochi yenye karatasi nyekundu juu ya kioo chake. Mwanga mwekundu hauwashtui sana viumbe wa usiku. Kazi ilikuwa mbili: kuhesabu polipi zinazofunguka na saa zinapofunguka, na kukagua shina la tumbawe.

Kuhusu shina, nilikuwa na shaka na mtu mmoja. Kuna konokono mdogo anayeitwa Epitonium billeeanum, ambaye maisha yake yote yanazunguka Tubastraea na jamaa zake. Anakula nyama ya polipi, anachukua rangi ya njano au chungwa inayofanana na mwenyeji wake, mchana anajificha chini ya bonge, na mayai yake ya manjano huyapachika hapohapo. Tumbawe lenye huyu konokono huisha kichwa kimoja baada ya kingine hata ukililisha kama mfalme. Yupo pia konokono asiye na gamba, Phestilla melanobrachia, mwenye tabia hiyohiyo na ufundi uleule wa kuvaa rangi ya anachokila. Mtu anayefuga tumbawe-jua na hajawahi kulipindua akaangalia chini yake anabahatisha.

Alilipindua ndani ya maji. Hakukuwa na mayai, wala konokono. Kulikuwa na minyoo ya miiba miwili mitatu, ambayo ni wasafishaji wa mabaki tu, na nyota-brito mmoja mwembamba, jamaa wa kiti cha pwani. Hiyo ikafutika kwenye orodha.

Hesabu ya polipi ndiyo iliyotufungulia. Taa zilizimika saa tatu usiku. Saa tatu na nusu hakuna. Saa nne na dakika chache polipi nne zilianza kutoa ncha za minyiri. Saa tano zilikuwa sita, kati ya 34, na hazikuzidi hapo.

Chakula chake alikuwa anakimwaga saa moja jioni. Kilikuwa kinazunguka mbele ya midomo iliyofungwa. Samaki walichukua chao, Swiftia ikachukua makombo yake, na hadi saa nne usiku vilivyobaki vilikuwa vimekwisha kwenda kwenye soksi ya chujio na kwenye kikombe cha skima, ambayo haikuwa inazimwa. Polipi zilizofunguka zilikuta maji matupu yenye harufu ya chakula kilichokwisha. Usiku baada ya usiku tumbawe lilikuwa linatumia nguvu kujaza maji polipi zake na kunyoosha minyiri, halipati kitu. Likaanza kupunguza matumizi. Tumbawe lenye njaa halifunguki zaidi ili litafute, linafunga. Mfugaji anaona limefunga, anafikiri limekataa chakula.

Kwa mtu aliyezoea matumbawe ya taa hili ni gumu kumwingia, kwa sababu amezoea kulisha tangi. Hapa unalisha mdomo.

Tulianza usiku uliofuata. Kibonge kimoja, si vitatu. Alikiyeyusha kwenye kikombe cha maji ya tangi, akakichuja kwenye chujio la chai, na ule mchuzi wa mawingu uliotoka, ambao una fosfeti nyingi na hauliwi na yeyote, akaumwaga nje isipokuwa vijiko viwili. Wakati anachuja nikamwomba ahesabu. Kulikuwa na uduvi wazima 41 na makombo. Midomo 34. Kibonge kimoja, kikigawiwa mkono kwa mkono, kilikuwa kinatosha tangu mwanzo.

Tumbawe lilirudishwa chini ya mwamba, kivulini, akalisugua ukoga kwa mswaki laini pale tu ambapo kiunzi kiko wazi, bila kugusa nyama. Saa tatu na robo, taa zimezimwa, pampu zote na skima zikazimwa. Akachukua chupa ya plastiki ya lita 5 aliyoikata kitako, kifuniko kimeondolewa, akalifunika tumbawe nayo kama kuba na kuweka jiwe dogo begani ili isielee. Kisha akapenyeza mle vijiko viwili vya mchuzi kupitia mdomo wa chupa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Huo ni mwaliko tu. Polipi huhisi chakula kwa kemikali zake kabla ya kukigusa.

Baada ya dakika 20 polipi 11 zilikuwa zimetoa minyiri. Nyingi zilionyesha ncha tu, kama chipukizi. Hizo huwezi kuzipa uduvi mzima. Hazina nguvu ya kumshika, na hata zikimmeza, asubuhi utamkuta ametapikwa. Hapa watu wengi huharibu kwa huruma. Kwa polipi dhaifu tulitumia kopepodi (vijidudu vya majini) wa kugandishwa, na artemia, jamaa wadogo wa uduvi, waliototolewa siku hiyohiyo, ambao ni wadogo, chini ya nusu milimita, na wanagusa minyiri wenyewe kwa kuwa wako hai. Zile sita zenye nguvu zilipata uduvi aliyekatwa nusu.

Kumtazama polipi akila kwa karibu ni jambo la subira. Kipande kinadondoka juu ya minyiri, kinanata. Minyiri miwili mitatu ya jirani inajikunja juu yake polepole. Halafu mdomo ulio katikati, ambao dakika moja kabla ulikuwa ni mstari tu, unaanza kupanuka na kukifuata chakula. Dada alinitumia video ya dakika 6 nzima ya polipi moja na uduvi nusu. Mwishoni anasikika akinong'ona, "Haya mama, kula."

Kuba lilikaa nusu saa. Pampu zilizimwa dakika 25, si zaidi, maana usiku oksijeni ya tangi tayari iko chini na samaki wanapumua hewa ileile.

Siku ya nne akanipigia. Polipi 17 zinafunguka, lakini asubuhi uduvi kadhaa wapo chini kwenye mchanga, wazima kabisa. Tuliona labda wametapikwa, tukapunguza saizi. Siku ya sita hali ileile. Nikamwomba arudi na tochi yake nyekundu, safari hii baada ya kuliondoa kuba.

Mwizi alikuwa kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, yule mwenye mstari mweupe mgongoni ambaye kila mtu anampenda. Alikuwa anasubiri pembeni. Kuba likiondoka tu, anapanda juu ya tumbawe, anatia miguu yake ya mbele ndani ya mdomo wa polipi na kumvuta uduvi nje, kisha anahamia kwa jirani. Wengine aliwala, wengine waliponyoka wakaanguka. Polipi iliyoporwa hivyo inajifunga kwa mshtuko na kesho yake haina hamu. Huenda alikuwa anafanya hivyo tangu mwezi wa kwanza, hata kwa kile kidogo kilichokuwa kikinaswa.

Kwanza tulijaribu kumhonga: anapewa tonge lake kwenye kona ya mbali kabla ya zamu ya tumbawe. Alilipokea, akalila, akarudi. Tukaacha kuba likae saa nzima, pampu zikiwa zimewashwa tena na maji yakizunguka nje yake. Hilo lilisaidia kwa sababu polipi ilipata muda wa kumeza hadi ndani. Hatimaye, kwa kuwa vichwa dhaifu vilihitaji zaidi ya saa moja, kamba akahamishiwa tangi la chini, anakoishi mpaka leo na kuonekana ameridhika.

Kuanzia wiki ya pili mambo yalikwenda kwa mwendo wa kuchosha, ambao ndio mwendo mzuri. Kulisha kila usiku kwa mwezi mmoja. Polipi 24, kisha 29. Wakati fulani akaanza kusogeza mchuzi wa mwaliko nusu saa mapema kila baada ya siku chache, na polipi zikafuata. Sasa zinafunguka saa moja jioni taa zikiwa hafifu, na yeye anawahi kulala. Tumbawe-jua hujifunza ratiba. Vichwa vitatu vya upande ulioota ukoga havikurudi. Nyama ya jirani imeanza kupanda juu ya vikombe vyao.

Maji nayo yalitaka kazi yake. Alitaka kuanza kutia siki ili bakteria walishwe na kuvuta naitreti. Njia hiyo inafanya kazi, lakini nilimshauri asiianze wakati ule: bakteria wakifumuka wanakula oksijeni, na sisi kila usiku tulikuwa tunazima pampu. Tukaenda kwa njia ya mikono. Alibadilisha robo ya maji mara tatu katika siku 10, na robo tatu mfululizo huishusha 60 hadi 25 hivi, si sifuri kama wengine wanavyodhani. Soksi ya chujio ikawa inafuliwa kila baada ya siku mbili badala ya wiki. Mwani wa Chaetomorpha ukawekwa tangi la chini na taa yake ili uvute naitreti. Kwa kuwa kilichoingia kilishuka kutoka vibonge vitatu hadi kimoja, naitreti haikupanda tena. Fosfeti ilikuwa mkaidi zaidi kwa sababu mawe huinyonya na kuiachia taratibu; tulitumia chembe za oksidi ya chuma, ambazo huinasa, kidogo kidogo, tukikwepa kuishusha ghafla kwa ajili ya matumbawe yake mengine.

Nimeahirisha habari ya Dendronephthya kwa sababu haipendezi. Kile kichaka cha waridi hatukukiokoa, na sidhani kama kulikuwa na siku ambayo kingeokolewa ndani ya tangi lile. Polipi zake ni ndogo sana. Uduvi kwake ni kama kumtupia mtoto mchanga nyama ya mguu mzima. Mwaka 1995 Fabricius, Benayahu na Genin walichapisha utafiti wao wa Bahari ya Shamu kuhusu Dendronephthya hemprichi, wakaonyesha kwamba hutegemea zaidi planktoni mimea, vijimea vya kuelea, kuliko wanyama wadogo tuliodhani ndio chakula chake. Na havinaswi mara moja kwa siku. Tumbawe hili hukaa kwenye mkondo usiokatika na kuchuja mchana na usiku. Kile kifuniko cha chakula cha chupa mara moja jioni kilikuwa tone.

Tulijaribu. Pampu ya matone ikawa inaingiza mwani hai wa Isochrysis na Tetraselmis kidogo kila saa, skima ikawashwa nusu siku tu, mkondo ukaelekezwa ukapita pembeni yake bila kuipiga usoni. Kwa wiki moja na nusu ilijaa maji na kusimama wima, tukapata matumaini. Kisha ikaanza kudondosha vitawi. Baharini jamii hii hujizalisha kwa kujikata vipande vidogo vinavyoota mahali pengine, kwa hiyo tulivikusanya na kuviweka kwenye mawe. Hakuna kilichoshika. Wiki mbili baadaye shina lilikuwa limenywea. Akiniuliza mtu kama achukue Dendronephthya nyumbani, jibu langu ni hapana, isipokuwa tangi limejengwa kwa ajili yake peke yake tangu siku ya kwanza na mwenyewe yuko tayari kufuga mwani kama anavyofuga samaki. Yaliyouawa kwa njaa mikononi mwa watu wenye nia njema ni mengi.

Tumbawe-jua lina ukorofi wa aina nyingine: likishiba, linazaana. Tubastraea coccinea, ambayo asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, ilikwisha kuvuka hadi Karibi katikati ya karne iliyopita, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaonekana kwenye mitambo ya mafuta ya Brazili, ambako sasa inabanana na viumbe wa miamba ya kule. Nilimwambia dada mapema kwamba maji machafu ya tangi lile na mawe yake yasiwahi kufika baharini. Alicheka, akasema lile lake halina hata nguvu ya kujifungua.

Mwezi wa tano alinitumia picha ya kioo cha nyuma ya tangi, pembeni ya bomba la kushushia maji. Nilidhani ni uchafu wa lenzi. Nilipoikuza nikaona vidoa saba vya rangi ya chungwa, kila kimoja kama kichwa cha pini, na kimoja kimezungukwa na minyiri mifupi inayong'aa. Planula, yaani mabuu ya tumbawe, walioogelea kutoka kwa mama yao na kujibandika.

"Sasa hawa nawalishaje?" akauliza. "Kuba halifiki huko nyuma."

Artemia waliototolewa leo, pipeti ndefu, tone moja kwa kila mmoja, pampu ya kurudisha ikiwa imezimwa dakika 10. Na yule kamba asirudishwe juu.